Chapa za Ngamia Kwenye Mikebe ya Sparkhill

Uongozi nilifundishwa na nyonga yangu ya kulia. Vitabu sikusoma. Darasa la nne niliacha huko Garissa nikafuata ngamia wa babu, na kutoka hapo hadi kuwa mwenye gari la biashara na mikebe arobaini inayozunguka Birmingham kila siku ya kazi, hakuna aliyenishika mkono. Nalisema bila haya. Wapo niliokuja nao hapa, wenye vyeti vya kujaza ukuta mzima, na hadi leo wanaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Lakini nimechoka. Ukipanda ngazi za watu kwa miaka kumi na moja ukiwa na mikebe mitano kila mkono, mwili unaanza kukudai. Nyonga ilianza kwa kuuma asubuhi tu. Ikaja kuuma mchana. Mwisho ikawa inauma nikiwa nimekaa, nikitazama tu ngazi kupitia kioo cha gari.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, mjane, umri wake sasa umepita sabini, anayekaa kwenye nyumba za safu nyuma ya Stratford Road hapa Sparkhill. Anapika yeye. Jikoni mwake nyama haijawahi kuingia, kwa hiyo chakula chake kinaliwa na Mhindu, Singasinga, Muislamu na Mzungu anayeogopa kunenepa, bila mtu kuuliza swali. Hiyo niliiona mimi. Watu walikuwa wanamwambia afungue mgahawa; mimi nikamwambia, mama, wewe pika tu, chakula kitatembea chenyewe.

Kinatembea kwenye mikebe ya stili ya ghorofa tatu, yenye mshikio juu, kama ile mafundi wa reli na wenye maduka wa Kihindi waliyokuwa wakipelekewa kazini zamani kule kwetu. Chini wali, katikati dengu au mboga, juu chapati na kijiko cha achari. Saa nne na nusu naichukua. Saa sita na nusu mkebe wa mwisho uko mkononi mwa mwenyewe. Unapokea uliojaa, unanirudishia wa jana. Hurudishi, huli. Hiyo ni sheria na haina ndugu.

Na mkebe unaorudi nausoma. Chapati ikirudi haijaguswa siku mbili, meno yana shida. Mama anabadilisha, anaweka khichdi laini, wali na dengu vilivyopikwa pamoja hadi vikapondeka. Mkebe ukirudi haujaoshwa kwa mtu ambaye siku zote huosha, napiga simu jioni, maana kuna jambo. Mara mbili nimewakuta watu wana homa peke yao ndani ya nyumba. Hakuna aliyenifundisha haya. Na kuna mteja mmoja mtaa wa Alum Rock, mzee wa Kipunjabi, fundi magari mstaafu wa Nakuru, ambaye hajawahi kurudisha mkebe mtupu. Anasema kwao mama yake alikuwa akikataza kurudisha chombo kitupu, cha jirani kirudi na kitu. Basi kila siku ghorofa ya juu nakuta kitu: ndimu, majani ya mnanaa kutoka kwenye kikopo chake cha dirishani, siku nyingine skrubu tatu kwa sababu aliona mlango wa gari langu umelegea.

Sasa, mikebe arobaini inayofanana, utaijuaje? Hapo ndipo nilipojiona bingwa. Kwetu kila ukoo una chapa yake ya ngamia, inachomwa kwa chuma cha moto, shavuni au shingoni au pajani. Mstari na duara. Mistari miwili iliyopinda. Kitu kama mguu wa kuku. Nikiwa mtoto wa miaka minane nilikuwa najua chapa nyingi kuliko herufi, na ngamia aliyepotea nilimtambua ni wa nani akiwa bado mbali. Kwa hiyo nilinunua rangi nyekundu ya mafuta nikachora kila kifuniko chapa yake, zilezile za koo za kwetu. Mguu wa kuku, karani mmoja wa ghorofa ya pili. Mistari miwili, mzee wa Nakuru. Chapa ya babu yangu mwenyewe sikumpa mtu. Rangi haitoki kwa kuosha, na mwizi hawezi kujua chakula kinakwenda wapi. Nikiulizwa ndivyo nilivyojibu.

Binti yangu anafanya kazi ofisi moja kubwa huko Sutton Coldfield, ukingoni mwa mji. Kiswahili anakisikia chote, ila hunijibu kwa Kiingereza, nami nimeacha kugombana. Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba maprofesa husafiri hadi India kutazama watu wanaobeba mikebe ya chakula, waandike jinsi wanavyojipanga, halafu wakubwa wa makampuni wafundishwe. Akaniambia, baba, si hii ndiyo kazi yako? Njoo uwaeleze mabosi wangu.

Nikaenda. Nilivaa koti. Wakubwa kumi na wawili wamekaa kwenye zulia ambalo unaona aibu kulikanyaga, na mimi wa darasa la nne nimesimama mbele. Niliwapa. Niliwaambia mkebe urudi kabla mwingine haujatoka. Niliwaambia msome kinachorudi, msisome kinachosemwa. Nikainua mkebe wenye mguu wa kuku nikawaambia, kwa miaka kumi na moja sijapoteza hata mmoja, na mfumo mzima uko hapa, nikajigonga kichwa. Wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa anacheka kwa furaha, nami nikimwona moyo ulitulia.

Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, "Na siku ukiugua, nani mwingine anaujua?"

"Siugui," nikasema, nao wakacheka tena.

Wiki ile ile barua ya hospitali ikaja. Niliambiwa nyonga inabadilishwa, inawekwa ya chuma, na baada ya hapo wiki sita hakuna kubeba kitu wala kuendesha gari. Nikikataa nafasi ile, foleni naianza upya. Na daktari alinionyesha picha: mfupa umekutana na mfupa. Nilitoka pale nikakaa kituo cha basi muda mrefu, mabasi yakapita. Wiki sita. Mikebe ikilala wiki sita, wateja wanapata pengine, na mama hana kitu. Kodi ya nyumba yake inatoka kwenye ile mikebe. Mambo yangu naweza kuyamudu. Yeye hana mwingine.

Nikatafuta dereva. Nikapata mtu wa kwetu, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aliyemaliza darasa la nane upande uleule wa Garissa, akapitia Uholanzi akiendesha malori, kisha akaja hapa kufuata ndugu zake. Mpole, haongei sana, ananiita adeer, kama mtu anavyomwita ami yake. Siku tatu nikazunguka naye Sparkhill na Sutton Coldfield. Upande wa Alum Rock tulikuwa hatujaufikia, na siku ya nne ikawa ndiyo siku yangu ya kwenda kupimwa damu hospitali kabla ya upasuaji.

Asubuhi hiyo tulikuwa jikoni kwa mama, mikebe imepangwa mezani. Nikamuuliza, "Hii kumi na minane ni ya Alum Rock. Chapa unazijua?"

Akaitazama mmoja mmoja, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa zake. "Zote, adeer. Hizi nazijua tangu utotoni."

"Hakika?"

"We, adeer, mimi nimechunga. Utaniuliza chapa?"

Mama akageuka kutoka kwenye jiko. "Mpe na anwani, wewe. Mwandikie kwenye karatasi."

"Mama, kasema anajua. Mtu wa nyumbani huyu." Nikaondoka nikiwa na raha, nikajiambia, umeona, mfumo wangu hata hauhitaji mafunzo, unamtaka tu mtu sahihi.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, mkono umekunjwa na pamba, simu ikaita. Mama.

"Saa ngapi kwako?"

"Saa saba kasoro. Kwani nini?"

"Mzee wa Nakuru kanipigia. Unajua kaniuliza nini? Kaniuliza, 'Dada, nimekosea nini?' Anafikiri tumemkatia chakula kwa sababu ana kosa. Sindano yake ya sukari kapiga saa sita kama kila siku, anangoja mkebe. Sauti yake inatetemeka."

Nilisimama vibaya, nyonga ikanichoma hadi gotini. Yule mzee aliamini saa yangu. Huo ndio ukweli wake. Alipiga sindano saa sita kwa sababu mimi nilimwahidi saa sita na nusu, na kwa miaka yote hiyo sikumwangusha, basi hakuweka hata mkate ndani.

"Mwambie ale sukari! Chochote kitamu!"

"Nimeshamwambia, anakula jamu kwa kijiko, nimo kwenye simu ya pili naye. Nimeita teksi. Nampelekea mwenyewe." Akakata.

Nikampigia dereva. Akapokea kwa furaha. "Adeer, yote imefika! Saa sita na robo nilikuwa nimemaliza."

"Mkebe wa mistari miwili umempa nani?"

"Yule wa duka la vitambaa. Hiyo si chapa yao? Babu yake na babu yangu walikuwa kisima kimoja. Kashukuru sana, adeer. Kaniambia nikwambie Mungu akuzidishie."

Nikakaa chini tena.

Alikuwa amefanya kazi yake kikamilifu. Kule nilikomwonyesha milango alifuata milango; Alum Rock, ambako sikumwonyesha, alisoma kila chapa kama inavyosomwa kwetu, hii ni ya watu fulani, ile ni ya watu fulani, na kwa sababu ndugu zake wako Alum Rock anajua kila ukoo una duka gani na kinyozi yupi ni mtoto wa nani. Mkebe wenye chapa yao, akawapelekea wenyewe. Na wao, nani kati ya watu wetu atarudisha chakula kilicholetwa mlangoni na mtu wa kwao? Walidhani natoa sadaka. Walikula. Mikebe kumi na minane ya dengu iliingia matumboni mwa wauza nguo, vinyozi na fundi wa simu, na wateja wangu wakakaa na njaa wakitazama dirishani. Kichekesho zaidi, mwenye duka la vitambaa alirudisha mkebe umejaa halwa.

Nilifika kwa mama saa tisa na kitu, nikichechemea. Alikuwa amesharudi kutoka Alum Rock, bado amevaa koti, amekaa kwenye kiti cha jikoni ambacho sijawahi kumwona akikikalia mchana. Dereva amesimama karibu na mlango, kichwa chini, mikebe iliyorudi mbele yake.

"Mzima?" nikauliza.

"Mzima. Kala chapati mbili mbele yangu. Halafu kanipa ndimu." Akaitoa mfukoni, akaiweka mezani. "Mikono inatetemeka, na ananitafutia ndimu."

Nikamgeukia dereva. "Wewe ulisema unazijua!"

"Adeer, nazijua."

"Mwache," mama akasema. "Usimpigie kelele mtu wa watu. Ulimuuliza chapa, kakujibu chapa. Mimi nilisema mwandikie anwani. Kwa nini hukuandika?"

"Mama, rangi haitoki, na mwizi..."

"Mwizi gani wa dengu?"

Dereva aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nilitazama ile ndimu.

"Miaka kumi na moja," mama akasema, sasa kwa sauti ya chini, "kila barua ikija unaniletea. Mama nisomee, nimesahau miwani. Na miwani naiona mfukoni mwa shati lako. Umefikiri mimi kipofu?"

Kuna mambo mtu hulinda hadi anasahau kwamba anayalinda. Kuongea Kiingereza naongea, bei napatana, mikataba najadili hadi mtu anatoka jasho. Lakini anwani ya Kiingereza iliyoandikwa, barabara na mtaa na herufi za mwisho, naitazama inanitazama. Majina ya barabara nayajua kwa duka la kona na kwa rangi ya mlango. Zile chapa nilizichora kwa sababu ndizo peke yake nilizoweza kusoma haraka, nikiwa na mikebe mikononi na saa inakimbia. Habari ya mwizi niliitunga baadaye, na kwa kuisema mara nyingi nikaiamini.

"Sijui kusoma vizuri," nikasema. Nililisema kwa Kiswahili, jikoni, mbele ya watu wawili, na lilitoka kavu tu, kama mtu anayetaja bei.

"Haya," mama akasema. "Sasa sikiliza na mimi. Hospitali utaenda, huo mguu siutaki tena ndani ya nyumba yangu ukilia. Lakini sipiki sufuria nyingine mpaka hii michoro ifutike na kila mkebe uwe na namba anayoweza kusoma mtu yeyote. Yeyote. Hata huyo binti yako. La sivyo nafunga jiko leo, nitakula pensheni na chai."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameshazima moto wa sufuria ya kesho.

Tulitumia alasiri mbili. Dereva alinunua tina ya kuondoa rangi, kalamu nene ya namba na daftari la shule la mistari. Mimi nilikaa kwenye kiti, nyonga kwenye mto, naokota mkebe mmoja mmoja. Nasugua chapa kwa kitambaa, nyekundu inatoka ikichafua vidole, na huku nasema niliyonayo kichwani. Yeye anaandika, kwa Kiswahili, mwandiko safi wa darasa la nane, na anwani anaziandika kwa Kiingereza baada ya mama kuzitafuta kwenye barua zake na simu.

"Namba saba," nasema. "Mlango wa kijani, kengele imekufa, gonga dirisha. Ana mbwa, hana shida, ila usimtazame."

"Usimtazame mbwa au mwenyewe?"

"Mbwa. Mwenyewe mtazame, anapenda kuulizwa habari za mwanawe."

"Namba nane?"

"Ofisi. Usiache kwa mlinzi, atakula achari. Nimemkamata mara mbili."

Namba kumi na tisa ilikuwa ya mzee wa Nakuru. Hapo niliacha kusugua. Nikamwambia aandike: huyu ndiye wa kwanza Alum Rock, daima, hata barabara ikifungwa, hata mvua ikinyesha mawe. Sindano saa sita. Usimpe mkebe mlangoni, ingia, umwone anafungua. Pokea anachokupa na ushukuru. Dereva aliandika, akapiga mstari chini, kisha bila kuambiwa akapiga wa pili. Na mama akawa ameshamwambia yule mzee asipige sindano tena kabla hajauona mkebe kwa macho yake. Miaka yote mimi sikuwahi kufikiria kumwambia hivyo. Nilikuwa naona fahari kwamba hahitaji.

Daftari liliisha, tukaanza la pili. Nilipotaja mkebe wa arobaini nilijisikia kama nyumba iliyohamwa. Watu hudhani mtu akishusha mzigo anakuwa mwepesi. Mimi nilichoka tu, uchovu wa aina nyingine, na nililala palepale kwenye kiti cha mama mchana kweupe, mdomo wazi, mimi ambaye sijawahi kulala mchana tangu niingie nchi hii.

Wakanipasua. Mambo ya hospitali siyaelezi, kila mtu mwenye chuma mwilini anayajua. Siku ya tatu nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti kando ya kitanda, mguu umenyooshwa, nimeikataa supu yao, natazama saa ya ukutani. Saa sita na nusu ikapita. Niliwaza Alum Rock. Niliwaza mbwa wa mlango wa kijani. Saa sita na dakika arobaini mlango wa wodi ukafunguliwa, dereva akaingia na mkebe.

Ulikuwa mpya, kifuniko hakina chapa, kimeandikwa namba arobaini na moja.

"Mzee wa Nakuru?" nikauliza kabla ya salamu.

"Saa sita na dakika tano, adeer. Nimeingia, nimemwona anafungua, kala, ndiyo kapiga sindano. Kasema nikuletee hii." Akanipa ndimu.

"Na wengine?"

"Wote wamekula. Watu wa duka la vitambaa nao wameanza kulipa, wanataka mikebe mitatu. Walisema ile sadaka ilikuwa tamu."

Hiyo nitaihesabu kuwa biashara niliyoileta mimi.

Nikafungua. Wali, dengu, chapati laini ya mtu mgonjwa. Nilikula pole pole nikitafuta kosa kwenye chumvi, sikulipata. Chakula kilikuwa kimetoka Sparkhill kikapanda ghorofa nne kikanifikia nikiwa nimekaa, na sikuwa nimekigusa. Nilipomaliza nikageuza mkebe kila upande nikitafuta cha kuurudisha nacho. Sikuwa na mti wala dirisha la mnanaa. Nikaweka biskuti mbili za hospitali, zile za kwenye karatasi, ghorofa ya juu, nikafunga.

"Umechelewa dakika kumi," nikamwambia.

Alitoa daftari kwenye koti, akalifungua ukurasa wa mwisho, akanisomea alivyoandikishwa na mama, kidole kikifuata mstari ili nami nione:

"Namba arobaini na moja. Ghorofa ya nne, lifti ya kushoto, usigonge. Atakuuliza habari za wengine kwanza, mjibu. Atalalamika kuhusu saa. Mwache, ngoja mkebe."